Kombe la Dunia la Mpira wa Mikono kwa Wanaume: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tuliukuta mpira wa mikono shuleni: kiwanja cha vumbi, mistari ya majivu, magoli ya miti yasiyo na nyavu, na mwalimu mwenye filimbi. Michezo ya shule za sekondari Tanzania, UMISSETA, ikiisha, mchezo unabaki hukohuko. Halafu Januari moja mtu anafungua simu usiku, anakuta ukumbi umefurika watu Oslo au Zagreb, na wanaume wenye mabega mapana wanaruka juu ya mstari uleule wa mita 6 kutoka golini aliokuwa akiukanyaga yeye akiwa kidato cha pili. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Mimi nafundisha michezo, kwa hiyo mengi huishia kwangu. Nimeyakusanya hapa, mengine nimeyajibu kwa kifupi, mengine nimekaa nayo zaidi kwa sababu yananihusu moyoni.

Mashindano haya ni yapi hasa?

Ni Mashindano ya Dunia ya mpira wa mikono kwa wanaume, ambayo watu wengi wameshazoea kuyaita Kombe la Dunia. Yanaandaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono, IHF, lenye makao yake Basel, Uswisi. Ya kwanza yalichezwa Berlin mwaka 1938 yakiwa na timu nne tu, na wenyeji Ujerumani wakachukua ubingwa. Tangu 1993 yanachezwa kila baada ya miaka miwili, katika mwaka witiri: 2021 yalikuwa Misri, 2023 Poland na Sweden, 2025 Croatia, Denmark na Norway. Ya 2027 ni ya Ujerumani.

Ukisikia Wakenya wanataja handiboli, ni mchezo huuhuu.

Kwa nini yanachezwa Januari, wakati Ulaya kuna baridi kali?

Kwa sababu mchezo wenyewe ni wa ndani ya ukumbi, baridi haina la kufanya. Sababu kubwa zaidi ni klabu. Wachezaji wengi wa kiwango cha juu wanalipwa na klabu za Ujerumani, Ufaransa, Hispania, Denmark na kwingineko Ulaya, na ligi hizo husimama Januari ili wachezaji waende kwenye timu zao za taifa. Januari ya mwaka shufwa ni ya mashindano ya mabara, Ulaya kwao na Afrika kwetu. Kwa hiyo kama unaupenda mchezo huu, kila Januari una kitu cha kuangalia.

Timu ni ngapi, na zinachujwaje?

Ni timu 32 tangu mwaka 2021. Kabla ya hapo zilikuwa 24. Zinagawanywa katika makundi manane ya timu nne nne. Tatu za juu katika kila kundi zinasonga mbele, na hapa ndipo watu waliozoea soka huchanganyikiwa, maana hazingii moja kwa moja kwenye mtoano. Zinapangwa upya katika makundi manne ya timu sita sita, na kila timu inaingia na pointi ilizopata dhidi ya wale wawili waliosonga nao kutoka kundi la mwanzo. Inacheza mechi tatu nyingine dhidi ya timu mpya, kisha mbili za juu katika kila kundi zinakwenda robo fainali.

Maana yake ni kwamba mechi ya kwanza kabisa inaweza kukuumiza wiki moja baadaye. Timu inayoanza taratibu ikidhani itajirekebisha hufika makundi ya pili ikiwa haina pointi hata moja mkononi. Ushindi ni pointi 2, sare 1. Timu mbili zikilingana pointi, kinachoangaliwa kwanza ni zenyewe zilipokutana nani alimfunga mwenzake, siyo tofauti ya jumla ya mabao.

Zile nane zilizoshika mkia hazirudishwi nyumbani siku hiyohiyo. Zinacheza Kombe la Rais, kugombea nafasi ya 25 hadi ya 32. Kuna wanaoliona halina maana. Mimi naona ni mojawapo ya mambo mazuri ya mashindano haya: timu changa iliyofungwa mara tatu inapata mechi nyingine za kimataifa dhidi ya timu za kiwango chake, na hapo ndipo inapojifunza kushinda.

Bingwa, kuanzia mwanzo hadi fainali, anacheza mechi tisa ndani ya wiki tatu hivi.

Afrika inapata nafasi ngapi, na zinapatikana vipi?

Katika mashindano ya 2023 na 2025 Afrika ilipeleka timu tano. Mwaka 2021 zilikuwa saba, kwa sababu Misri alikuwa mwenyeji. Ukiacha mwenyeji, njia ni moja tu: Mashindano ya Afrika ya wanaume, yanayosimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Mikono Afrika, CAHB, lenye makao yake Abidjan. Mashindano hayo yalianza 1974 Tunisia, na kuanzia hapo hadi 2024 yamechezwa mara 26. Tunisia imeyachukua mara 10, Misri mara 9, Algeria mara 7. Ukijumlisha utapata 26. Hakuna nchi nyingine yoyote ya Afrika iliyowahi kuwa bingwa, hata mara moja.

Lakini huhitaji kuwa bingwa ili uende duniani, unahitaji kuwa miongoni mwa wale wa juu. Cape Verde, visiwa vyenye watu kama nusu milioni tu, walifika fainali ya Afrika mwaka 2022 na wamekuwa wakifuzu. Guinea walifuzu kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Mtu akiniambia sisi ni wachache au maskini mno kwa mchezo huu, mimi namtajia Cape Verde kisha nanyamaza.

Je, kuna nchi ya wazungumzaji wa Kiswahili iliyowahi kucheza?

Ipo: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Misri 2021.

Walifuzu kupitia Mashindano ya Afrika ya 2020 yaliyochezwa Tunisia. Wengi wa wachezaji wao walikuwa wakicheza Ufaransa, baadhi katika madaraja ya chini kabisa. Droo ikawatupa kundi moja na Denmark, bingwa wa dunia wa wakati huo, pamoja na Argentina na Bahrain. Mechi ya kwanza walifungwa na Argentina 28–22, na Denmark ikawafunga 39–19. Ukiishia kwenye matokeo utasema walikwenda kutalii. Mimi niliiangalia ile ya Argentina, na sikuona watalii.

Kwenye mechi ile alikuwepo pivoti mmoja, Gauthier Mvumbi, aliyekuwa akichezea Dreux huko Ufaransa. Pivoti ni yule mchezaji anayejichimbia katikati ya ukuta wa wapinzani, mgongo kwa lango, akisubiri pasi. Mvumbi alikuwa na mwili mkubwa usioukuta mara nyingi katika mashindano haya. Mpira ulimfikia mkono mmoja, mabeki wawili wamemning'inia, akageuka nao wote kama mtu anayegeuka na gunia begani, akafunga. Alifunga manne siku hiyo. Usiku huohuo picha zake zilizunguka dunia, watu wakambatiza Shaq wa mpira wa mikono, hadi Shaquille O'Neal mwenyewe akawasiliana naye mtandaoni.

Watu wengi walicheka, lakini mimi niliona mtu anayejua kazi yake. Kugeuka vile bila kukanyaga ndani ya mita 6, eneo la kipa, siyo suala la uzito, ni miguu. Jaribu kumwambia kijana mwenye kilo 70 ageuke na mabeki wawili mgongoni uone atatua wapi.

Na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi?

Hadi mashindano ya 2025 hakuna hata mmoja aliyewahi kufika kwa timu ya wakubwa ya wanaume. Walio karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni Rwanda. Mwaka 2022 Kigali iliandaa Mashindano ya Afrika ya vijana, na vijana wa Rwanda wakafuzu kwenda Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 lililochezwa Croatia mwaka 2023. Januari 2024 timu yao ya wakubwa ikacheza Mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza, Cairo. Kisha Kigali ikapewa uenyeji wa Mashindano ya Afrika ya Januari 2026, ambayo ndiyo njia ya Afrika kwenda Ujerumani 2027. Angalia mpangilio wenyewe: vijana kwanza, kisha wakubwa, kisha uenyeji. Hawakuruka ngazi.

Kenya ina ligi yenye timu zinazojulikana kama Ulinzi, Black Mamba na National Cement. Tanzania tuna UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, ambako mpira wa mikono unachezwa na watoto wengi kuliko watu wanavyodhani, na tuna timu za majeshi, Bara na Zanzibar. Tunachokosa ni daraja la katikati. Kijana anamaliza kidato cha nne akiwa na mkono mzuri, anarudi kijijini au mtaani, na hakuna klabu ya kumpokea isipokuwa aingie jeshini. Nimewahi kuwa na winga wa kushoto aliyekuwa akiruka kutoka kwenye kona kabisa ya kiwanja na kufunga kwa pembe usiyoiamini. Leo anaendesha bodaboda. Tukikutana bado ananiuliza, "Mwalimu, mechi lini?" Sina jibu la kumpa.

Jambo la pili ni sakafu. Mashindano yote ya maana yanachezwa ndani ya ukumbi, juu ya sakafu laini. Mchezaji aliyekulia kwenye mchanga na saruji anaogopa kuanguka, na ana haki ya kuogopa. Mchezaji wa ukumbini anaruka ndani ya mita 6 akijua atatua kwa kifua na kuteleza, kwa hiyo anakuwa na nusu sekunde ya ziada hewani. Huwezi kumfundisha mtu ujasiri huo juu ya kokoto.

Timu ya Afrika iliyofika mbali zaidi ni ipi?

Misri walishika nafasi ya nne Ufaransa mwaka 2001, na Tunisia nafasi ya nne walipokuwa wenyeji mwaka 2005. Tunisia ile ilikosa medali ya shaba kwa bao moja, 26–25 dhidi ya Ufaransa, na Wissem Hmam wao akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 81. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo nayo ilimalizika Misri wakiwa wa nne.

Lakini mechi ninayowaambia wanafunzi wangu waitafute ni robo fainali ya 2021, Denmark na Misri. Ilikuwa Misri, lakini bila mashabiki kwa sababu ya Korona, kwa hiyo unasikia kila kitu: viatu, pumzi, kocha anapiga kelele. Dakika 60 zikaisha 28–28. Wakaongezewa muda, bado sare. Wakaongezewa tena, 35–35. Ikaamuliwa kwa penalti, Denmark wakashinda 4–3, na kwa kuwa mpira wa mikono hujumlisha mabao ya penalti, matokeo yakaandikwa 39–38. Denmark wakaenda kuchukua kombe kwa kuwafunga Sweden 26–24. Mwaka 2025, tena robo fainali, Misri wakafungwa na Ufaransa 34–33 kwa bao la Luka Karabatic sekunde za mwisho kabisa.

Kwa hiyo mtu asikuambie Afrika iko mbali. Misri iko umbali wa bao moja. Na haikuanza na wakubwa: vijana wao walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1993, na wale wa chini ya miaka 19 wakawa mabingwa mwaka 2019 kwa kuwafunga Ujerumani 32–28.

Nani ana makombe mengi?

Ufaransa, sita: 1995, 2001, 2009, 2011, 2015 na 2017.

Na Denmark je? Mbona kila nikiangalia wao ndio wanaonyanyua kombe?

Kwa sababu wamelinyanyua mara nne mfululizo: 2019, 2021, 2023 na 2025. Hakuna nchi nyingine ya wanaume iliyowahi kufanya hivyo. Mara ya mwisho kufungwa kwenye mashindano haya, ukihesabu hadi fainali ya Oslo ya 2025 walipowafunga Croatia 32–26, ilikuwa Januari 2017, walipotolewa na Hungary.

Siri yao haijafichwa. Denmark ni nchi ndogo ambako mpira wa mikono ni mchezo wa kijiji: kila mji una ukumbi wake, na mtoto wa miaka sita anapelekwa na mzazi wake kama sisi tunavyowapeleka madrasa au Jumapili kanisani. Ukimwangalia Mathias Gidsel, mchezaji bora wa mashindano ya 2023 na 2025, hana mwili wa kutisha. Ni mwembamba, anapenya kati ya mabeki wawili kabla hawajafunga mlango. Wanafunzi wangu wafupi nawaonyesha yeye.

Kuna timu isiyo ya Ulaya iliyowahi kupata medali?

Moja tu: Qatar, mwaka 2015, nyumbani kwao. Walifika fainali wakafungwa na Ufaransa 25–22. Timu ile ilizua maneno mengi kwa sababu wachezaji wake kadhaa walizaliwa nje, mathalani kipa Danijel Šarić kutoka Bosnia na Rafael Capote kutoka Cuba. Kanuni inaruhusu: mchezaji akikaa miaka mitatu bila kuchezea taifa lake la kwanza mechi rasmi, anaweza kuhamia lingine akipata uraia. Sina ugomvi na wachezaji wenyewe. Ila ningependa zaidi kuona medali inayotoka kwenye viwanja vya shule.

Wachezaji wanajipaka nini mikononi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Ni gundi maalumu ya mpira wa mikono, inayonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Inakuja kwenye kopo, na mchezaji anachukua kidogo kwa ncha za vidole. Ukiangalia viatu vya wachezaji kwa karibu utaona tone la gundi limebandikwa kisiginoni au pembeni ya kiatu. Hiyo ni akiba. Katikati ya mechi mchezaji anainama kama anayefunga kamba, anagusa tone, anaendelea. Nguo za kipa zinajaa madoa, mpira unakuwa wa rangi ya kahawia, na sakafu baada ya mechi inasuguliwa.

Kazi yake ni kumwezesha mtu kuushika mpira kwa mkono mmoja na kuupindisha. Lile shuti ambalo mpira unadunda mbele ya kipa kisha unakata kona kuingia golini, bila gundi ni gumu sana. Sisi huku tunacheza mikavu, na vumbi juu yake. Kijana wetu anayeweza kuudhibiti mpira mkavu kwa mkono mmoja ana vidole vya chuma; mpe gundi kwa wiki mbili uone atakachofanya.

Na kipa mbona hana glavu?

Mpira wa mikono haudakwi, unazuiwa. Kipa anatanua mikono na miguu ili achukue nafasi kubwa ya lango, ambalo lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, na glavu zingemchelewesha kuurusha mbele. Suruali ndefu anavaa kwa ajili ya kujikinga. Inauma, sikufichi. Tangu 2022 mchezaji asiye na mtu wa kumkaba akimpiga kipa kichwani moja kwa moja, anatolewa nje dakika mbili. Ni kanuni iliyochelewa.

Sijawahi kucheza. Nifuatilie vipi mechi bila kupotea?

Kila upande una wachezaji saba uwanjani, kipa akiwa mmoja wao, na hadi 16 kwenye orodha ya mechi. Kubadilishana hakuna kikomo wala hakuna kuomba ruhusa, ndiyo maana unaona watu wanakimbia kutoka na kuingia benchi kila mara. Wengine ni wa kushambulia tu, wengine wa kukaba tu. Kiwanja ni mita 40 kwa 20. Mechi ni nusu mbili za dakika 30.

Mwenye mpira anaruhusiwa hatua tatu na sekunde tatu, kisha audunde, aupasie au arushe. Ndani ya mita 6 anakaa kipa peke yake. Mshambuliaji anaweza kuruka juu ya eneo hilo, mradi mpira umtoke mkononi kabla hajagusa chini. Mstari wa vipande vipande wa mita 9 ndiko inakopigwa faulo ya kawaida. Ukimnyima mtu nafasi ya wazi ya kufunga kwa faulo, ni penalti ya mita 7.

Neno beki litakuchanganya, maana hapo juu nimelitumia kama kwenye soka, kwa wanaokaba. Katika mpira wa mikono beki ni mrushaji wa mbali, yule mrefu anayeruka mbele ya ukuta wa wapinzani na kufyatua.

Ukiona mwamuzi amenyanyua mkono mmoja juu, anawaonya washambuliaji kwamba wanazungusha mpira bila nia ya kufunga. Kuanzia hapo wana pasi nne tu kabla ya kurusha golini. Ndiyo maana ghafla mchezo unachangamka.

Adhabu zinapanda kwa ngazi. Kwanza kadi ya njano, kisha dakika mbili nje huku timu yake ikibaki pungufu. Dakika mbili za tatu kwa mtu yuleyule ni kadi nyekundu. Ipo pia kadi ya bluu, inayofuata nyekundu, na maana yake waamuzi wataandika ripoti na mchezaji anaweza kufungiwa zaidi. Sekunde 30 za mwisho ni za hatari kubwa: ukimzuia mpinzani asianzishe mpira, unakula nyekundu na wao wanapata penalti.

Kwa nini timu inaacha lango tupu?

Tangu 2016 kocha anaruhusiwa kumtoa kipa na kumwingiza mchezaji wa kawaida bila kumvalisha jezi ya kipa. Anafanya hivyo ama ili washambulie saba dhidi ya sita, ama kuziba pengo pale mwenzao anapotumikia dakika mbili. Wakipoteza mpira, mpinzani anaurusha kutoka kwake hadi kwenye lango tupu. Wengine hawaupendi mtindo huu. Mimi nauona ni msaada kwa timu ndogondogo, maana unampunguzia mkubwa faida ya nguvu. Lakini mwalimu wa shule asianze nao. Watoto wajifunze kwanza kukaba.

Kwenye mtoano ikiwa sare?

Dakika tano mara mbili, kisha tano mara mbili tena, kisha warushaji watano kila upande kutoka mita 7. Mechi ya Denmark na Misri ilipitia zote.

Waamuzi ni wawili? Na kuna wanawake?

Ni wawili wenye mamlaka sawa, na kwa kawaida wanafanya kazi pamoja miaka mingi kama mume na mke wanaoelewana kwa macho. Mapacha wa Kifaransa Charlotte na Julie Bonaventura walichezesha Kombe la Dunia la wanaume mwaka 2017. Nina wasichana wawili shuleni wanaochezesha mechi za madarasa. Majina ya Bonaventura wameyaandika kwenye jalada la daftari lao la magoli.

Mechi zinaanza saa ngapi kwetu?

Mashindano yakiwa Ulaya ya kati au Skandinavia, Januari wao wako nyuma yetu kwa saa mbili. Mechi nyingi kubwa zinaanza huko saa 12 jioni na saa 2 na nusu usiku, kwa hiyo Dar, Nairobi na Kampala ni saa 2 usiku na saa 4 na nusu. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ondoa saa moja. Muscat ongeza saa moja. Anzia chaneli ya IHF ya YouTube: nchi ambazo hakuna kituo kilichonunua haki za matangazo, mara nyingi huonyeshwa huko.

Nina mtoto anaupenda. Aanzie wapi?

Usimpe mpira wa wakubwa. Wa wanaume una mzunguko wa sentimita 58 hadi 60 na uzito wa gramu 425 hadi 475. Mkono wa mtoto hauushiki, ataishia kuukumbatia. Kwa mvulana wa miaka 8 hadi 12, au msichana wa 8 hadi 14, tafuta namba 1, wenye mzunguko wa sentimita 50 hadi 52. Ukikosa, mpira wowote laini unaoenea kwenye kiganja utafaa.

Msimamishe mita tatu kutoka ukutani. Mwambie afungue mikono miwili mbele ya kifua, vidole gumba vikaribiane, vidole vingine vitazame juu. Aurushe ukutani kwa mkono mmoja, kiwiko kikiwa juu ya bega, aupokee kwa mikono miwili bila kuubana kifuani. Mara ishirini kwa mkono wa kulia, ishirini kwa wa kushoto. Akiweza bila kuangusha, arudi nyuma hatua moja.